Star Trek ya kuchekesha: Tribble, majambazi au sayari ya mapumziko, urudie ipi kwanza?

Star Trek ya awali, ile ya Kapteni Kirk na Spock, ilirushwa na televisheni ya NBC ya Marekani kuanzia tarehe 8 Septemba 1966 hadi 3 Juni 1969, jumla ya sehemu 79. Nyingi ni nzito: vita, kompyuta zinazojifanya miungu, watu wanaopoteza wapendwa wao. Katikati ya uzito huo zimo sehemu chache zilizoandikwa makusudi ili mtu acheke, na hizo ndizo wapenzi wa mfululizo huu hupenda kuzirudia. Mwenye jioni moja tu, au anayetaka kumwonjesha rafiki ambaye hajawahi kuiona, aanze na ipi?

Zinazoshindana kweli ni tatu. Ya kwanza ni "Shore Leave", ya msimu wa kwanza, iliyorushwa Alhamisi tarehe 29 Desemba 1966. Ya pili ni "The Trouble with Tribbles", ya msimu wa pili, iliyorushwa tarehe ileile mwaka mmoja baadaye, 29 Desemba 1967. Ya tatu, "A Piece of the Action", ilifuata wiki mbili baada ya hapo, 12 Januari 1968. Kwa ufupi tuziite Mapumziko, Tribble na Majambazi. Ipo pia ya nne, "I, Mudd", ambayo tutaigusa tu, na ipo ya mwaka 1996 iliyotengenezwa ndani ya mfululizo mwingine kabisa ili kuirudia Tribble kwa jicho jipya. Hiyo ina masharti yake.

Tunazipimaje

Kuhesabu vicheko hakutoshi, maana utani wa miaka ya sitini mwingine umeshachacha. Kinachodumu ni sehemu ambayo jambo la kuchekesha ndilo linaloendesha hadithi yote, kiasi kwamba ukilitoa hakuna kinachobaki. Kwa kipimo hicho Tribble inaongoza, tena kwa mbali. Majambazi inaifuata, na inaishinda kwenye jambo moja: uigizaji. Mapumziko ni ya mtu mwenye ladha tofauti.

Tribble: mzaha wenye hesabu

Enterprise, chombo cha angani cha Kirk, inaitwa kwa dharura ya daraja la juu kabisa kwenda kituo cha angani K-7. Inapofika, hakuna shambulio wala moto. Yupo ofisa wa serikali aitwaye Nilz Baris, anayetaka askari wa kulinda ghala la nafaka. Kirk anakasirika, na mtazamaji anamwelewa. Lakini nafaka hiyo, quadrotriticale, ndiyo mbegu pekee ya Shirikisho (muungano wa sayari anaoutumikia Kirk) itakayostawi kwenye Sayari ya Sherman, ambayo Shirikisho na mahasimu wake, Waklingoni, wanaigombania kwa mkataba: upande utakaoonyesha kwamba unaweza kuiendeleza vizuri zaidi ndio utakaoichukua. Triticale yenyewe ipo kweli hapa duniani, ni chotara wa ngano na rai (rye). Mwandishi aliiongezea tu uwezo.

Kituoni hapohapo anazurura mchuuzi, Cyrano Jones, mwenye bidhaa mpya: tribble, donge la manyoya linaloenea kiganjani, lisilo na macho wala miguu, linaloguna kwa raha likipapaswa. Uhura, ofisa wa mawasiliano wa Enterprise, anapewa mmoja wa bure na kuingia naye kwenye chombo. Dk. McCoy anamchunguza na kukuta kwamba zaidi ya nusu ya nguvu za mwili wake zinakwenda kwenye kuzaa, na kwamba inaelekea wanazaliwa wakiwa tayari na mimba. Ukiwalisha wanaongezeka, ukiacha kuwalisha wanaacha kuzaa. David Gerrold, aliyeiandika akiwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu, ameeleza kwamba alikuwa akiwafikiria sungura walioletwa Australia na kuenea bila adui. Mtu wa Mwanza au Kisumu aliyeona gugu maji likiifunga ghuba hahitaji kuelezwa zaidi.

Hesabu ya Spock ndiyo inayoonyesha jinsi kazi hii ilivyofanywa kwa makini. Ghala linapofunguliwa na tribble kumwagikia Kirk, Spock anataja idadi yao: 1,771,561. Anatoa na misingi ya hesabu yake: tribble mmoja wa kuanzia, watoto kumi kwa kila uzao, kizazi kipya kila saa 12, kwa muda wa siku tatu. Siku tatu zina nusu-siku sita. Kila nusu-siku, kila tribble anabaki na kuongeza kumi, kwa hiyo idadi inazidishwa kwa 11: wanakuwa 11, halafu 121, halafu 1,331, halafu 14,641, halafu 161,051, na mara ya sita 1,771,561. Imetimia mpaka tarakimu ya mwisho. Wanaodai kwamba mwandishi alikosea huwa wamezidisha kwa 10 na kupata milioni moja kamili. Wamesahau kwamba mzazi yupo bado.

Sasa angalia kazi ambazo kiumbe huyo anafanya kwenye hadithi. Kwanza, Kirk anaagiza chakula kwenye mashine, na sahani ya sandwichi ya kuku pamoja na kahawa vinatoka vimefunikwa na tribble. Scotty, mhandisi mkuu wa chombo, anaeleza kwamba wameingia kwenye mitambo, pengine kupitia njia za hewa. Spock anakumbusha kwamba njia za namna hiyo zipo hata kwenye kituo, na Kirk anatambua mara moja kwamba zimo hata kwenye ghala la nafaka. Papo hapo mzaha wa chakula unageuka hatari ya kisiasa. Pili, tribble ndani ya ghala wanakutwa wamekufa au wanakaribia kufa, na hivyo inagundulika kwamba nafaka ilitiwa sumu. Ni virusi vinavyozuia mwili usipate lishe, hivyo walikufa kwa njaa katikati ya shibe. Tatu, tribble humpenda kila mtu isipokuwa Mklingoni. Wakiwa karibu naye wanapiga kelele. Wanapompigia kelele Arne Darvin, msaidizi wa Baris anayejifanya binadamu, jasusi ameshajulikana. Kiumbe mmoja, kazi tatu, na hakuna hata moja iliyobandikwa kwa nguvu. Ukimtoa tribble, huna sumu inayogunduliwa, huna jasusi, huna hadithi.

Kwa anayependa kujua vitu vilivyotengenezwaje: umbo la tribble lilibuniwa na Wah Chang, na Jacqueline Cumere alilipwa dola 350 kushona 500. Ni vipande vya manyoya ya bandia vilivyojazwa sponji. Wale wanaoonekana wakitambaa walitiwa ndani mashine za vikaragosi vya mbwa vinavyotumia betri, na wale wanaopumua walitiwa mpira wa kujaza hewa. Itazame ile picha ya Kirk amezama mpaka kifuani: baada ya rundo kubwa kuanguka, tribble mmoja mmoja wanaendelea kumdondokea kichwani wakati anazungumza. Waliokuwa juu ya seti hawakuwa wakimwona vizuri, wakaendelea kutupa. William Shatner hakukatiza maneno yake, na ndiyo maana picha hiyo inachekesha mpaka leo. Shika hilo, tutalirudia.

Kuna na ugomvi wa baa. Mklingoni Korax anamtukana Kirk, na Scotty anamzuia Chekov, ofisa kijana Mrusi, asipigane. Korax akiitukana Enterprise yenyewe, akiifananisha na chombo cha kubebea taka, Scotty anainuka na kumtandika. Baadaye Kirk anapomhoji na kugundua kwamba heshima yake haikutosha kuanzisha ugomvi ila ya chombo ilitosha, sura ya Shatner inasema yote. Scotty anaadhibiwa kukaa chumbani kwake, naye anafurahi: atapata muda wa kusoma majarida yake ya ufundi.

Udhaifu upo. Waklingoni hapa ni laini. Koloth, kwa jinsi William Campbell anavyomwigiza, ni mtu wa maneno matamu kuliko wa vita, na aliyewazoea Waklingoni wa baadaye atashangaa kuona paji la uso halina matuta. Sulu, rubani wa chombo, hayupo kabisa, kwa sababu George Takei alikuwa kwenye filamu nyingine. Sehemu ya maneno yake alipewa Chekov, ambaye anadai kila kitu kilivumbuliwa Urusi, hata wiski ya Scotty. Na Baris amechorwa kama kero tupu kiasi kwamba unasahau kuwa hofu yake ilikuwa ya kweli. Ni dosari ndogo. Mwaka 1968 sehemu hii iligombea tuzo ya Hugo, ya hadithi za kubuni za kisayansi, kwenye kundi la kazi bora ya maigizo, katika mwaka ambao wagombea wote watano walitoka Star Trek. Ilishindwa na "The City on the Edge of Forever", ambayo ni msiba mtupu. Hakuna aibu kushindwa na hiyo.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu nyingine ya kumtazama Uhura kwa ukaribu, kwani jina lake limetokana na uhuru. Hapa ana kazi na vicheko vyake mwenyewe, tofauti na sehemu nyingi ambamo anaishia kusema kwamba mawasiliano yamefunguliwa. Anayetaka kumsikia akitamka Kiswahili atafute "The Changeling" ya msimu wa pili. Kiswahili kinasikika pia kwenye "The Man Trap", sehemu ya kwanza kabisa kurushwa. Si za kuchekesha, wala matamshi yao si ya kuigwa.

Majambazi: waigizaji wakicheza kwa raha zao

Chombo kiitwacho Horizon kilifika kwenye sayari ya Sigma Iotia II miaka mia moja kabla ya Kirk, kikasahau huko kitabu kuhusu magenge ya Chicago ya miaka ya 1920. Wenyeji ni hodari wa kuiga, wakakigeuza kuwa msahafu. Kirk, Spock na McCoy wanaposhuka wanakuta jamii nzima ya kofia za pama, suti za mistari na bunduki za risasi mfululizo, imegawanywa baina ya mabosi kama Bela Okmyx na Jojo Krako. Kila bosi anataka kitu kimoja kutoka kwa wageni: silaha za kuwamaliza wenzake.

Hoja yake ni nzuri, na ni nzito kuliko inavyoonekana: Shirikisho lina kanuni ya kutoingilia jamii changa, na hapa ni lazima liingilie kwa sababu lenyewe ndilo lililoharibu. Wazo la David P. Harmon lilifanyiwa kazi pamoja na Gene L. Coon, mtayarishaji aliyeipa Star Trek sehemu kubwa ya ucheshi wake. Mwongozaji alikuwa James Komack.

Mambo mawili yanatosha kuilipa jioni yako. La kwanza ni mchezo wa karata. Kirk, akiwa ameshikwa na walinzi, anajifanya kuwafundisha mchezo unaoitwa fizzbin, na anautunga hapohapo. Kila mchezaji hupata karata sita, isipokuwa aliye kulia kwa mgawaji, ambaye hupata saba. Karata ya pili hufunuliwa, isipokuwa Jumanne. Mlinzi akipata J mbili, Kirk anashangilia kwamba hiyo ni nusu ya fizzbin. Anataka ya tatu? Hapana, ya tatu inamtoa mchezoni! Sasa anahitaji K na mbili, isipokuwa usiku, ambapo atahitaji Q na nne. Karata moja inadondoshwa chini, mlinzi anainama, meza inapinduliwa. Rudia kipande hiki ukiwa unamtazama Leonard Nimoy: Spock anajua kwamba ni uongo mtupu, na anachangia kwa uso usiobadilika hata kidogo.

La pili ni gari. Kapteni wa chombo kinachoruka kati ya nyota hawezi kuendesha gari la mwanzoni mwa karne ya ishirini. Linaruka kwa mshtuko, linarudi nyuma, gia zinalia, mpaka Spock anakumbuka kwamba magari hayo yalikuwa na klachi, na huenda ni mojawapo ya zile pedali za chini. Baadaye anamwambia kapteni wake kwa heshima zote kwamba ni hodari wa kuongoza chombo, ila udereva wa teksi haumfai. Kila aliyejifunzia kwenye gari la manyuali ataelewa mateso yao.

Inakosea wapi? Katikati. Kirk anatekwa na huyu, anatoroka, anatekwa na yule, anatoroka tena, na wenzake vilevile. Kwa takribani robo saa hadithi inazunguka mahali pamoja. Kosa hilo lina sababu: kitabu cha majambazi kinaeleza mazingira, lakini hakizalishi tukio jipya kila baada ya dakika tano kama tribble wanavyofanya. Shida ya pili ni lugha. Utamu mkubwa ni jinsi Kirk anavyozidi kuzama kwenye Kiingereza cha wahuni wa Chicago huku Spock akikijaribu na kukikosea. Asiye na sikio la lahaja hiyo atapoteza karibu nusu ya mzaha, na maandishi ya chini hayamsaidii sana, kwa kuwa kinachochekesha ni sauti. Kama unayemwonjesha anafuatilia Kiingereza kwa shida, mpe Tribble. Manyoya hayahitaji mkalimani.

Mwisho wake, hata hivyo, ni mzuri kushinda wa Tribble. Enterprise inapiga mtaa mzima mwale wa kulaza watu, mabosi wanaufyata, na Kirk analitangaza Shirikisho kuwa bosi wa mabosi litakalochukua asilimia 40 ya mapato. Halafu McCoy anakiri kwamba amesahau kifaa chake cha mawasiliano huko chini, mikononi mwa watu wanaoiga kila kitu. Jambo lilelile lililoiharibu sayari limerudiwa.

Mapumziko: ndoto isiyo na breki

Wafanyakazi wa Enterprise wamechoka. Wanashuka kwenye sayari nzuri isiyo na watu, na kila mtu anachokiwaza kinatokea: sungura mkubwa mweupe mwenye saa, samurai, simbamarara, bastola ya kale anayoiokota Sulu kwa furaha ya mkusanyaji, na kwa Kirk, Finnegan, mnyanyasaji wake wa enzi za chuo, akiwa bado kijana na bado ana mdomo.

Maandishi ni ya Theodore Sturgeon, lakini Gene Roddenberry alikuwa akiyaandika upya wakati upigaji picha ukiendelea, na hilo linaonekana. Watu wanatajwa na kupotea. Angela Martine, ambaye wiki mbili tu kabla, tarehe 15 Desemba 1966, watazamaji walimwona akimpoteza mchumba wake kwenye "Balance of Terror", hapa anatembea mkono kwa mkono na mwanamume mwingine bila neno lolote la maelezo. Ugomvi wa Kirk na Finnegan ni mrefu kupita haja, ingawa muziki wa Gerald Fried, wenye mdundo wa densi ya Kiayalandi, unaubeba vizuri.

Kosa la msingi ni kwamba sayari inaweza kutoa chochote. Penye chochote, hakuna kanuni. Na pasipo kanuni mtazamaji hawezi kubashiri, kwa hiyo hawezi kushtuka ipasavyo. Tribble wana kanuni tatu tu: wanakula, wanazaa, wanawachukia Waklingoni. Kila kinachotokea kinatoka humo.

Kwa nini basi iwe kwenye orodha? Kwa sababu ya uzuri wa kuonekana na ladha ya ajabu. Ilipigwa nje, kwenye majabali ya Vasquez Rocks na kwenye hifadhi ya wanyama ya Africa USA huko California, kwa hiyo ina jua la kweli na majani ya kweli, tofauti na mawe ya sponji ya studio. McCoy wa DeForest Kelley ana mahaba, jambo la nadra. Na dakika kumi za mwanzo, kabla hujaelezwa chochote, zina wasiwasi mtamu ambao zile nyingine mbili hazina. Wazazi wajue: mwanamke mmoja anatokea akiwa amechaniwa nguo na mwanamume aliyemvamia, na McCoy anachomwa mkuki kifuani mbele ya kamera. Wote wanapona, lakini mtoto mdogo hajui hilo mpaka mwisho.

"I, Mudd" kwa kifupi

Ilirushwa 3 Novemba 1967. Tapeli Harry Mudd anatawala sayari ya roboti zenye sura ya watu, na wafanyakazi wa Enterprise wanaziangusha kwa kuzifanyia vituko visivyo na mantiki mpaka akili zao zinaungua. Roger C. Carmel ana mvuto, ila kipande cha mwisho kinakwenda kama zoezi la darasa la maigizo. Iangalie ukishaiona "Mudd's Women" ya Oktoba 1966, vinginevyo humjui huyu mtu wala hujali atakavyoadhibiwa.

Kuirudia Tribble kwa macho ya wengine

Mwezi Novemba 1996, kuadhimisha miaka 30, Star Trek: Deep Space Nine ilirusha "Trials and Tribble-ations". Arne Darvin, amezeeka na ana kisasi, anarudi nyuma kwa wakati ili amuue Kirk kwa bomu lililofichwa ndani ya tribble. Sisko, kamanda wa mfululizo huo, na wenzake wanamfuata, wanavaa sare za zamani na kujichanganya ndani ya matukio yaleyale ya 1967. Charlie Brill aliyemwigiza Darvin kijana ndiye aliyerudi kumwigiza akiwa mzee.

Kiufundi ni kazi ya mafundi wenye mapenzi. Vipande vya seti vilijengwa upya, mwanga na rangi vikalinganishwa na filamu ya zamani, na waigizaji wapya wakaingizwa kidijitali kwenye picha halisi. Pale Kirk anapowapanga watu wake mstari na kuuliza nani alianza ugomvi wa baa, sasa wamesimama pia Bashir na O'Brien, watu wa Sisko, na O'Brien ndiye anayemjibu. Zile tribble zilizokuwa zikimdondokea Kirk kichwani zimepewa maelezo: Sisko na ofisa wake Dax wako juu ghalani, wanapima kila mmoja kutafuta bomu na kuwatupa chini. Kosa la mafundi wa 1967 limegeuzwa kuwa sehemu ya hadithi. Mazungumzo ya Sisko na Kirk ya mwishoni hayatoki Tribble. Picha ya Kirk ilichukuliwa kwenye "Mirror, Mirror", na Sisko akawekwa mahali pa mwanamke aliyekuwa akizungumza naye. Gerrold mwenyewe anapita kwenye korido akiwa mfanyakazi wa sare nyekundu.

Watu hukosea hapa mara nyingi: wanaanza na hii kwa kuwa picha zake ni mpya. Usifanye hivyo. Karibu kila mzaha unategemea kwamba unalijua tukio la asili. Asiyelijua ataona watu wa kisasa wakitembea nyuma ya watu wa zamani na kujiuliza kuna nini. Utaratibu mzuri ni jioni moja: Tribble kwanza, pumziko la chai, halafu hii. Zikitenganishwa kwa wiki, vitu vidogo kama jibu la O'Brien vinapotea. Kuhusu Deep Space Nine yenyewe, inatosha kujua kwamba Sisko ni kamanda wa kituo, Dax ameishi maisha kadhaa na aliwahi kuwa hai enzi za Kirk, na Worf ni Mklingoni mwenye matuta usoni. Akiulizwa kwa nini Waklingoni wa kale hawana matuta, anajibu kwamba hawalizungumzi na watu wa nje.

Ipo pia "More Tribbles, More Troubles", katuni ya 6 Oktoba 1973 iliyoandikwa na Gerrold, ya chini ya nusu saa. Tribble wake ni wa waridi na hawazai, wananenepa tu. Watoto wanaipenda, mkubwa hahitaji kuitafuta kwa bidii.

Nani atazame nini

Asiyewahi kuona Star Trek: Tribble, bila mjadala. Haihitaji utangulizi, na ndani yake utapata kila mhusika mkuu isipokuwa Sulu akifanya kile anachokifanya vizuri zaidi. Anayewajua wahusika tayari na anayependa waigizaji zaidi ya njama: Majambazi. Urafiki wa Kirk na Spock hauonekani kwa raha namna hii popote pengine kwenye msimu wa pili. Anayependa mambo ya ndoto, au aliyechoshwa na seti za studio: Mapumziko, huku akisamehe mapengo. Familia yenye watoto wadogo: Tribble kisha katuni. Msimu wa tatu usisumbuke kuutafutia kitu cha aina hii. Ucheshi wake mwingi uliondoka na Coon.

Kabla hujabonyeza, angalia mambo mawili. La kwanza ni urefu. Sehemu kamili ya Star Trek ya awali ina takribani dakika 50. Vituo vilivyoirudia miaka iliyofuata vilipunguza ili kupata nafasi ya matangazo, na nakala hizo bado zinazunguka. Ukikuta faili la dakika 43 au 45, liache. Ikiwa kilichokatwa ni yale maongezi mafupi ya Scotty na Spock kuhusu njia za hewa, kufunguliwa kwa ghala kutakuwa kituko tu bila sababu.

La pili ni toleo. Kati ya 2006 na 2008 picha zilisafishwa na vipande vya angani vikatengenezwa upya kwa kompyuta. Kwa Tribble hilo lina faida: mwaka 1967 chombo cha Waklingoni kinatajwa tu bila kuonyeshwa, na katika toleo jipya kipo, kimesimama karibu na K-7. Kwa Mapumziko na Majambazi tofauti ni ndogo, kwa kuwa karibu kila kitu kinatokea ardhini. Diski za Blu-ray zinakuruhusu kuchagua picha za zamani au mpya kwenye menyu, na seti ya msimu wa pili ndiyo ya kununua kama utanunua moja: mbali na Tribble na Majambazi, imewekewa pia ile katuni ya 1973 na "Trials and Tribble-ations", kwa hiyo huhitaji kununua Deep Space Nine nzima kwa ajili ya usiku mmoja.